Jina Moja, Busia Mbili: Mashine Inyamazayo na Askari Anyamazaye

Askari wa mpakani hukutana kila siku na swali ambalo raia wa mbali halijui uzito wake: Busia ipi? Iko Busia ya Uganda, na iko Busia ya Kenya, na baina yake ni lango, ofisi za forodha na uhamiaji, na msururu wa malori. Ukienda kaskazini hadi Malaba mambo huzidi kutatanisha. Malaba ya Uganda imo katika Wilaya ya Tororo. Ukivuka Mto Malaba unaingia Malaba ya Kenya, nayo imo katika Kaunti ya Busia. Kwa hiyo mtu aweza kusema kweli tupu kwamba yeye ni mwenyeji wa Busia, hali hajapata kulala hata usiku mmoja katika mojawapo ya miji miwili iitwayo Busia.

Wala si majina ya miji peke yake. Zamani nchi zetu zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki, lakini tangu mwaka 1966 kila nchi ina shilingi yake. Jina limebaki lile lile, thamani imeachana: shilingi moja ya Kenya leo hununua zaidi ya shilingi 20 za Uganda. Mtu akiandika katika kitabu cha matukio kwamba zimeibwa shilingi 50,000, asitaje za wapi, hajaandika kitu. Namba za simu nazo ni hivyo hivyo. Pande zote mbili zina namba zenye tarakimu kumi zinazoanza na 07. Tarakimu zile zile upande huu huita simu ya mtu mmoja, na upande ule huita simu ya mwingine, mpaka mpigaji atangulize 256 ya Uganda au 254 ya Kenya. Katika magari ya raia tu ndipo jambo hili lilipopatiwa dawa iliyo wazi, kwa kuwa bamba la Uganda huanza na herufi U na la Kenya huanza na herufi K. Herufi moja mbele ya namba, na ubishi umekwisha.

Tuseme basi imeletwa hati ya kumkamata "Wafula, mkazi wa Busia". Wafula ni jina linalopewa mtoto wa kiume aliyezaliwa msimu wa mvua, na mvua hunyesha pande zote mbili za mpaka. Askari mwenye busara hurudi kwa aliyemtuma na kuuliza: Wafula yupi, wa Busia ipi? Askari anayeogopa kuuliza humkamata Wafula wa kwanza anayemkuta. Usiku ule mtu asiye na hatia hulala mahabusu, na mwenye hatia huvuka mpaka kwa miguu yake. Kosa halikuwa katika hati peke yake. Kosa kubwa lilikuwa katika kunyamaza.

Tumeonelea vema kulizungumza jambo hili leo kwa sababu kazi nyingi zilizokuwa zikifanywa kwa kalamu na daftari sasa hufanywa kwa kompyuta, na wako vijana wetu wa jeshi na polisi wanaojifunza kuandika programu wao wenyewe. Kompyuta ni kama kuruta mtiifu kupita kiasi. Haina haya wala haina woga, lakini pia haina akili ya kuuliza "ipi?" isipokuwa imefundishwa kuuliza. Twataka kueleza namna chombo kimoja maarufu cha kujengea programu kinavyoyatafsiri majina, namna kinavyotoa taarifa ya makosa, na namna kinavyopaswa kujaribiwa kabla ya kuaminiwa.

MAKE NA ASILI YAKE

Programu kubwa haiandikwi katika faili moja. Huandikwa katika mafaili mengi, pengine mamia, kila moja ikishughulikia sehemu yake. Mafaili hayo hutafsiriwa kwa lugha ya mashine, kisha huunganishwa yawe programu moja. Mtu akibadilisha faili moja akasahau kuitafsiri upya, atakuwa anaendesha programu ya jana huku akidhani ni ya leo.

Hivyo ndivyo ilivyotokea katika maabara za Bell, nchini Marekani. Mtaalamu mmoja, Steve Johnson, alipoteza asubuhi nzima akitafuta kosa katika programu ambayo tayari ilikuwa imesahihishwa. Sahihisho lilikuwapo katika maandishi, lakini faili ile haikuwa imetafsiriwa upya. Mwenzake, Stuart Feldman, alikitunga kwa sababu hiyo chombo kiitwacho Make, mwaka 1976. Make husoma faili ya maagizo, hutazama ni mafaili gani yamebadilika, kisha huyajenga upya yale tu yanayohitaji kujengwa. Mwaka 2003 Feldman alipewa tuzo kwa kazi hiyo na chama cha wanasayansi wa kompyuta cha Marekani. Chombo hicho kingali kinatumika duniani kote, hasa kwa umbo liitwalo GNU Make.

Ndani ya faili ya maagizo yamo majina yanayosimama badala ya vitu vingine, ambayo katika makala haya tutayaita vigeugeu, kwa kuwa thamani yake yaweza kugeuka. Tuchukue mfano wa kubuni. Kikosi cha mawasiliano kinajenga programu ya kuorodhesha magari yanayovuka. Juu kabisa ya faili ya maagizo mwandishi anaandika kwamba KITUO ni Busia-UG. Baada ya hapo, kila mahali anapotaka kulitaja jina la kituo, huandika $(KITUO), na Make huweka Busia-UG mahali pake. Programu ikihamishiwa Malaba, hubadilishwa mstari mmoja tu. Ni utaratibu mwema, kama vile amri ya operesheni inavyotumia jina la siri la mlima badala ya kueleza ramani nzima kila mara.

Lakini utaratibu mwema una mitego yake.

MTEGO WA JINA LISILOJULIKANA

Tuseme mwandishi ameteleza kidole, badala ya $(KITUO) akaandika $(KITOU). Hakuna jina kama hilo. Askari wa lindo akisikia neno la siri asilolijua, humsimamisha mwenye kulitamka. Make hakifanyi hivyo. Kikikutana na jina lisilojulikana hukiona kuwa ni utupu, yaani si neno lolote, kikaendelea na kazi kana kwamba hakuna lililotokea. Agizo lililosema "nakili orodha kwenda katika folda ya Busia-UG" hugeuka kuwa "nakili orodha kwenda katika folda ya", pakaishia hapo. Orodha hupelekwa mahali pasipokusudiwa, na mashine husema kwamba kazi imekwisha salama.

Mtego wa pili ni wa mabano. Katika Make jina lenye herufi zaidi ya moja sharti liwekwe katika mabano. Mtu akiandika $(BUSIA), chombo husoma jina zima. Akisahau mabano akaandika $BUSIA, chombo husoma herufi ya kwanza tu, yaani B, ndiyo jina. Zilizobaki huzihesabu kuwa maandishi ya kawaida. Kama B haina thamani, kinachobaki ni USIA. Msomaji wa Kiswahili atacheka, kwa kuwa kuusia ni kuacha maneno ya mwisho, na huenda kweli faili ile ikawa inaacha wosia wake. Tena chombo hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Busia, BUSIA na busia kwake ni majina matatu yasiyo na udugu.

Mtego wa tatu ni wa duara. Mtu huuliza: Lango liko wapi? Anajibiwa: Liko Busia. Busia iko wapi? Iko langoni. Kigeugeu kimoja kikielekeza kwa kingine, na hicho kikirudi kwa cha kwanza, hakuna atakayefika. Hapa Make hustahili sifa, kwa kuwa hulitambua duara hilo, husimama, na hulitaja jina linalojirudia lenyewe.

TORORO YA LINI?

Uko mtego mwingine ambao wakazi wa Tororo wataufahamu kuliko wahandisi wengi. Wilaya iliyokuwa ikiitwa Bukedi baadaye iliitwa Tororo. Mwaka 1991 ikakatwa Pallisa. Mwaka 1997 ikakatwa Busia. Mwaka 2005 ikakatwa Butaleja. Sasa tuseme iko kumbukumbu ya mwaka 1995 isemayo kwamba jambo fulani lilitokea "Busia, Wilaya ya Tororo". Kwa siku ile iliyoandikwa, ni sahihi. Karani wa leo akiisoma kwa ramani ya leo, ataiona kuwa ni kosa, na akiwa mwepesi wa kalamu ataisahihisha na kuiharibu. Swali la haki si "Tororo ni nini?" tu, bali pia "Tororo ya lini?"

Make nacho kina njia mbili za kulipa jina thamani. Kwa njia ya kwanza, inayoandikwa kwa alama ya sawasawa peke yake, thamani haitafutwi wakati wa kuandikwa; hutafutwa wakati jina linapotumika. Kwa njia ya pili, inayoandikwa kwa nukta mbili na alama ya sawasawa, thamani hutafutwa pale pale na kufungwa. Ya kwanza ni kama kusema "wilaya ya Tororo, kama itakavyokuwa siku mtakapofika". Ya pili ni kama kusema "wilaya ya Tororo, kama ilivyo leo hii ninapotia sahihi". Zote mbili ni halali na kila moja ina kazi yake. Aliyeikusudia moja akaandika nyingine atapata jibu lililo sahihi kwa siku isiyokuwa yake, wala chombo hakitamwonya, kwa sababu kwa upande wa chombo hakuna sheria iliyovunjwa.

AMRI YA NANI HUSHINDA?

Askari hawahitaji kufundishwa kwamba amri zina ngazi. Make pia kina ngazi zake. Jina lile lile laweza kupewa thamani mahali patatu: katika mazingira ya kompyuta yenyewe, katika faili ya maagizo, na katika amri anayoiandika mtumiaji wakati wa kukiita chombo. Kwa kawaida faili hushinda mazingira, na amri ya mtumiaji hushinda faili. Ni kama desturi ya eneo, amri ya kudumu ya kituo, na agizo la kamanda aliyepo hapo kwa sauti yake. Ziko njia za kuupindua utaratibu huo, na mtu akizitumia bila kuziandika mahali panapoonekana, atakayempokea zamu atashangaa kwa nini anaagiza Malaba na gari linakwenda Busia.

Kwa hiyo mtu akiuliza "KITUO ni nini?", jibu kamili lina sehemu mbili: thamani ni hii, na imetoka mahali hapa. Thamani isiyojulikana ilikotoka ni sawa na fununu ya sokoni. Huenda ni kweli, lakini afisa hapangi doria kwa fununu.

TABIA TATU ZA VYOMBO

Vyombo vya kujengea programu havifanani mbele ya jina lisilojulikana. Make, kama tulivyosema, humeza na kunyamaza, ingawa GNU Make kina swichi ya kuonya ambayo mtumiaji sharti aiwashe mwenyewe. Ant, chombo kilichotungwa na James Duncan Davidson na kutolewa kwa umma mwaka 2000, huliacha jina lenyewe mahali pake, pamoja na alama zake. Hapo angalau mtu akikuta faili yenye jina la ajabu atashuku. Gradle, kilichokuja baadaye, aghalabu husimama na kusema waziwazi kwamba jina fulani hakijui.

Twaweza kuvilinganisha na walinzi watatu wa lango wanaomwona mtu bila kitambulisho. Wa kwanza humpitisha na kuandika kwamba hakupita mtu. Wa pili humpitisha, lakini huandika "mtu asiyejulikana". Wa tatu humsimamisha na kumwita mkuu wa zamu. Wa tatu husumbua, hupunguza mwendo wa foleni, na madereva humlaumu. Lakini ndiye ambaye mwenye nyumba angemwajiri alinde watoto wake.

Hasara ya mlinzi wa kwanza haikosi ushahidi. Mwezi Januari 2015 iligundulika hitilafu katika Steam, programu maarufu ya michezo, kwa kompyuta zinazotumia Linux. Ndani yake mlikuwa na orodha ya amri iliyotafuta kwanza folda ambamo Steam imewekwa, ikaipa jina la STEAMROOT, kisha mahali fulani ikaamuru kifutwe kila kilichomo chini ya folda hiyo. Mtumiaji mmoja alikuwa amelihamisha folda lake mahali pengine. Jina likakosa thamani. Amri ya kufuta kila kilichomo chini ya folda fulani ikawa amri ya kufuta kila kilichomo chini ya mzizi wa kompyuta nzima. Mafaili yote ya mtu huyo aliyokuwa na idhini juu yake yakafutika, hata yale aliyoyaweka akiba katika diski ya nje iliyokuwa imechomekwa. La kusikitisha zaidi ni kwamba mwandishi wa mstari ule alikuwa ameandika pembeni yake kwamba unatisha. Aliiona hatari, akaitia alama, asiizibe. Mstari mmoja wa kuuliza "je, jina hili lina thamani?" ungetosha.

TAARIFA NJEMA YA KOSA

Basi haitoshi chombo kijue kwamba kuna kosa. Sharti kiseme, na kiseme kwa namna inayomsaidia anayesikiliza. Kila askari amefundishwa kwamba taarifa hueleza nani, nini, wapi na lini. Taarifa isemayo "afande, kuna matatizo huku" haimpi kamanda la kufanya. Taarifa isemayo "lori lenye bamba la K, limesimama upande wa Uganda, mita mia moja kutoka langoni, saa tisa usiku, dereva hayupo" humpa mahali pa kuanzia.

Taarifa njema ya Make ina sura hiyo hiyo. Hutaja faili, hutaja namba ya mstari, husema lililoharibika, kisha hutangaza kwamba kimesimama. Mwandishi wa maagizo naye aweza kuandika ukaguzi wake mwenyewe, kwa mfano: kama KITUO hakina thamani, simama na useme "KITUO hakikutajwa, andika Busia-UG au Busia-KE". Tazameni ujumbe huo. Haulaumu mtu, haujifichi nyuma ya maneno makubwa, tena unamwonyesha mtu la kufanya.

Mbali na maneno, chombo hutoa namba ya mwisho kinapomaliza. Sifuri maana yake kazi imefaulu; namba nyingine maana yake imeshindwa, na GNU Make hutoa 2 kinapokutana na kosa. Binadamu husoma maneno, lakini mashine nyingine zinazopokea kazi hutazama namba hiyo tu. Ujumbe ukilalamika kwa herufi kubwa, na namba ikasema sifuri, mashine inayofuata itaendelea mbele kwa furaha.

Ziko njia nyingi ambazo watu, kwa uvivu au kwa haraka, huziba mdomo wa chombo. Alama ya kutoa ikiwekwa mbele ya amri huiambia Make isijali amri hiyo ikishindwa. Amri mbili zikiungwa ili ya pili ipokee maneno ya ya kwanza, kwa kawaida namba ya mwisho hutoka kwa ya pili. Ya kwanza yaweza kuanguka kifudifudi na isijulikane. Tena kazi ikikatika katikati, faili iliyojengwa nusu yaweza kubaki mezani, na kwa kuwa tarehe yake ni mpya, safari ya pili chombo huiona kuwa imekamilika na kuipita. Huo ni uongo usiosemwa na mtu yeyote, nao ndio mgumu kuliko wote kuufichua.

NAMNA YA KUJARIBU

Watu wengi hujaribu chombo kwa kukipa kazi sahihi na kutazama kama kitatoa jibu sahihi. Hilo ni la lazima, lakini ni nusu ya kazi. Kizuizi cha barabarani hakijaribiwi kwa kupitisha gari lenye karatasi zote. Hujaribiwa kwa kumtuma mtu asiye na karatasi, kuona kama atasimamishwa. Vivyo hivyo, anayekijaribu chombo sharti akitege kwa makusudi.

Kwanza, atoe jina lisilojulikana, aone kama chombo kitasimama au kitameza. Pili, atoe jina lililopo lakini tupu, kwa kuwa kutokuwapo na kuwapo bila kitu ni mambo mawili. Tatu, alipe jina moja thamani tatu tofauti katika ngazi zote tatu tulizozitaja, athibitishe kwamba inayoshinda ndiyo iliyokusudiwa. Nne, alibadilishe jina baada ya kulitumia, aone kama thamani iliyofungwa imebaki na isiyofungwa imegeuka. Tano, afunge majina katika duara. Sita, aivunje amri moja katikati ya kazi, aone kama namba ya mwisho si sifuri, na kama faili ya nusu imeondolewa.

Katika kila jaribio aandike kabla, kwa mkono wake, matokeo anayoyatarajia: maneno gani, mstari wa ngapi, namba gani ya mwisho. Aliyeandika matarajio baada ya kuona matokeo hajajaribu kitu, amenakili tu. Na ujumbe ukisema kosa liko mstari wa 14 hali liko mstari wa 12, jaribio limeshindwa, hata kama kosa limegunduliwa. Kumpeleka mtafutaji mahali pasipo ni kumpotezea usiku. Wasanifu wa GNU Make wenyewe huambatanisha na chombo chao mkusanyiko wa majaribio ya namna hiyo, na kila badiliko jipya laweza kupimwa kwayo, lisije likaharibu lililokuwa jema.

Make kina pia swichi ya herufi n, ambayo hukifanya kisome amri zote na kuzitangaza bila kuzitekeleza. Ni kama mazoezi ya operesheni juu ya ramani ya mchanga: kila mtu husema atakwenda wapi, wala risasi haitoki. Mtu akiona katika tangazo hilo amri ya kufuta isiyotaja folda, bado ana nafasi ya kuizuia.

MAONYO YASIYOSOMWA

Lakini hata chombo kisemacho hakifai kitu mbele ya watu wasiosikia. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta, iliwasha programu mpya. Programu hiyo ilitumia tena ishara ambayo zamani ilikuwa ya programu nyingine iliyokwisha achwa. Seva zilikuwa nane. Saba zikapata programu mpya, moja ikasahauliwa. Ishara ile ile iliposomwa na seva saba ilimaanisha jambo jipya, na iliposomwa na ile ya nane iliamsha programu ya kale. Jina moja, thamani mbili. Kwa muda wa dakika zipatazo 45 kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 400, na mwaka uliofuata ikaunganishwa na kampuni nyingine.

Wachunguzi wa serikali walikuta kwamba asubuhi ile, kabla soko halijafunguliwa, mashine ilikuwa imewapelekea wafanyakazi barua 97 za kielektroniki zenye kutaja kosa hilo. Hazikuwa zimepangwa ziwe onyo la dharura, wala hakuna aliyezifanyia kazi. Mashine ilikuwa imesema mara 97. Hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusikia.

Hapo ndipo somo hili linapotuhusu sote, hata asiyekusudia kuigusa kompyuta maisha yake yote. Katika kambi na vituo vyetu liko neno linalopendwa mno: "Hakuna shida, afande." Mara nyingi ni kweli. Lakini hutokea pia likawa ni utupu uliowekwa mahali pa jina lisilojulikana. Kijana hajui ni Busia ipi, anaogopa kuonekana mjinga, anasema hakuna shida na kuondoka. Wala si yeye peke yake wa kulaumiwa. Mkubwa anayemfokea kila aletaye habari mbaya ameweka alama ya kutoa mbele ya kila askari wake. Atapata kituo kilicho kimya sana, na siku moja atalipia ukimya huo.

Mwezi Februari 2018 Marais Yoweri Museveni na Uhuru Kenyatta walifungua Busia kituo cha pamoja cha mpakani, ambamo msafiri hukaguliwa mara moja, upande anaoingilia, na maofisa wa nchi mbili wakifanya kazi chini ya paa moja. Ni hatua njema, hasa mtu akikumbuka kwamba Desemba 1987 majeshi ya nchi hizi mbili yalirushiana risasi katika Busia hiyo hiyo. Lakini kadiri watu wa pande mbili wanavyokaribiana, ndivyo majina yao yanavyozidi kugongana: Wafula na Wafula, shilingi na shilingi, 07 na 07. Hapo zamani ukuta ulitofautisha. Sasa sharti sisi wenyewe tutofautishe, kwa kalamu, kwa redio na kwa programu tunazozijenga.

Kwa hiyo, ndugu askari, ukiandika jina la mahali, andika na nchi yake. Ukiandika fedha, taja ni za wapi. Ukiandika namba ya simu, tanguliza 256 au 254. Ukisoma kumbukumbu ya zamani, tazama tarehe kabla ya kuihukumu. Ukipewa amri yenye jina usilolijua, simama na uulize, tena uliza kwa kutaja neno lenyewe lililokutatiza. Nawe mkuu wa kituo, anayekuuliza usimcheke, kwa kuwa amekuonyesha ufa kabla nyumba haijaanguka. Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua.